Baba Yuko Shuleni: Nyumba Zinazohamia Kisiwa cha Grenada

Nyumba nyingi zimezoea kwamba asubuhi mtoto huenda shuleni na baba huenda kazini. Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya nyumba ambamo mambo yamegeuka. Baba, au pengine mama, mtu mzima mwenye ndoa na watoto, ndiye mwanafunzi. Wala hasomi katika mji wake, bali katika kisiwa kidogo cha mbali, ambako amewachukua wote, wakubwa kwa wadogo, pamoja na masufuria yao. Asomalo ni udaktari. Jambo hili hutendeka kila mwaka katika visiwa vya bahari ya Karibi. Nasi tumechagua kisiwa kimoja, Grenada, kwa sababu habari zake zajulikana vizuri, na kwa sababu nyingine ambayo msomaji wa Kongo ataiona mbele kidogo.

Grenada ni nchi ndogo sana. Pamoja na visiwa vyake viwili vidogo zaidi, Carriacou na Petite Martinique, ina kilometa za mraba 344 tu. Ziwa letu la Kivu lingeweza kuimeza mara saba na nafasi ikabaki. Watu wake wazidi laki moja kidogo. Wafaransa walifika kukaa huko mwaka 1649, baadaye Waingereza wakaitwaa, na tarehe 7 Februari 1974 ikapata uhuru wake. Kwa Wafaransa walibakiwa na majina mengi ya vijiji na vilima, na dini ya Kikatoliki, ambayo mpaka leo ina waamini wengi. Jimbo lao lenye askofu lilianzishwa mwaka 1956. Kwa Waingereza walibakiwa na lugha, shule, na desturi ya kuendesha gari upande wa kushoto. Lakini damu yao kubwa ni ya Afrika. Mababu zao waliletwa kwa merikebu wakiwa watumwa, walime miwa. Baadaye ikaja miti ya kakao na ya kungumanga, hata leo tunda la kungumanga limechorwa katika bendera ya nchi.

Na hii ndiyo ile sababu ya pili. Katika kisiwa cha Carriacou wazee wameshika ngoma waiitayo Ngoma Kubwa, ambayo huchezwa kwa kuwakumbuka marehemu, wakati wa kujenga kaburi au kuzindua mashua. Michezo yake ya kale huitwa mataifa, kila mmoja kwa jina la kabila lililopotezwa ng’ambo ile: Igbo, Manding, Cromanti, na mmoja waitwa Kongo. Wachezao hawakuiona nchi yetu kamwe, wala baba za baba zao hawakuiona; jina tu limevuka bahari na kukaa pale, miaka mia mbili na zaidi.

Basi turudi kwa wanafunzi wetu. Mwaka 1976 Bunge la Grenada lilitoa sheria ya kukubali shule ya udaktari, iliyoanzishwa na Charles Modica na wenzake kutoka Marekani. Mwezi wa Januari 1977 masomo yakaanza. Leo yaitwa St. George’s University, na majengo yake yako mahali paitwapo True Blue, kwenye ncha ya kusini ya kisiwa, karibu na uwanja wa ndege. Kwa nini Mmarekani aache nchi yenye shule nyingi mno za udaktari, aende kusoma penye minazi? Jibu ni rahisi: kwao nafasi hazitoshi. Kati ya wale wanaoomba kila mwaka kuingia katika shule za udaktari za Marekani, wanaopokelewa ni chini ya nusu. Aliyekataliwa mara moja au mbili, na moyo wake bado wang’ang’ania kazi ya kuponya, hutazama ng’ambo ya bahari. Miongoni mwao wamo watu ambao si vijana tena, waliokwisha kufanya kazi nyingine kwanza, kama uuguzi au ualimu, wakaoa au kuolewa, wakazaa. Hao hawawezi kusafiri na sanduku moja.

Utaratibu wa masomo ndio huu: miaka miwili ya kwanza mwanafunzi hukaa kisiwani akijifunza elimu ya mwili wa mtu, dawa, na maradhi, miaka miwili ya pili huenda kujizoeza katika hospitali za Marekani au za Uingereza. Gharama yake inatisha. Masomo peke yake, kabla ya kula na kulala, hupita dola laki mbili kwa mbali, na wengi huzipata kwa kukopa. Kwa hiyo nyumba nzima huingia kisiwani ikiwa tayari na deni mgongoni, deni ambalo litalipwa tu ikiwa baba atafaulu.

Juma la kwanza ni juma la kushangaa. Bahari ni ya buluu, pwani ya Grand Anse ni mchanga mweupe karibu kilometa tatu, na watoto wadhani wamefika peponi. Mama naye anafungua masanduku na kuchomeka pasi yake ya Marekani ukutani, nayo yatoa moshi na kufa; maana umeme wa Grenada una nguvu karibu mara mbili ya ule wa kwao. Huo ndio mwanzo wa mafunzo. La pili ni mti fulani wa pwani, manchineel, wenye kivuli kizuri na matunda kama matofaa madogo: utomvu wake waunguza ngozi, na mvua ikinyesha usisimame chini yake. Watoto hufundishwa mti huo kabla ya kufundishwa njia ya shule. La tatu ni nguo. Sheria ya nchi yamkataza raia kuvaa nguo za mabakabaka kama za askari, hata kaptula ya mtoto mchanga. Tena kupita mjini na nguo za kuogelea ni aibu, ingawa bahari iko hatua mia tu kutoka dukani.

Nalo kubwa kupita yote ni salamu. Katika Grenada mtu hapandi basi wala haingii dukani akaanza kuuliza bei. Kwanza husema habari za asubuhi kwa wote waliomo, naye huitikiwa na wote. Mgeni asiyejua hutaja bidhaa aitakayo mara moja, kama alivyozoea katika maduka makubwa ya kwao, halafu astaajabu kwa nini mama muuzaji amegeuza uso. Msomaji wa kwetu hatastaajabu hata kidogo. Sisi twaona ya kuwa watu wa Grenada wana haki katika jambo hili, na ya kwamba mgeni huyo, akirudi kwao miaka miwili baadaye, atawaamkia watu wa basi la New York na kuonekana mwenda wazimu.

Mabasi yenyewe ni madogo, yana namba za njia, nayo yashindiliwa watu mpaka mlango hautaki kufungwa. Utakapo kushuka, wagonga bati kwa vidole. Dereva asikia, ijapokuwa muziki wapiga kelele. Mama wa Kimarekani ambaye tangu ujana wake hakupanda chombo kingine ila gari lake mwenyewe hujifunza kugonga bati. Siku agongapo mara ya kwanza bila kuona haya, twaweza kusema ameanza kukaa.

Katika duka la vitu vya ng’ambo bei hupanda, kwa kuwa karibu kila kitu kimeletwa kwa meli: maziwa, ngano, sabuni, nepi za mtoto. Fedha ya huko ni dola ya Karibi ya Mashariki, ambayo tangu mwaka 1976 imefungwa kwa ile ya Marekani, 2.70 kwa moja. Mwenye akili hujifunza upesi kwenda sokoni mjini St. George’s siku ya Jumamosi, kununua viazi vikuu, mihogo, majani ya magimbi na samaki. Huko ndizi huitwa kwa neno la Kiingereza la tini, na mtoto aulizwaye kama apenda tini mbichi hubaki kinywa wazi mpaka aone mkungu wa ndizi. Chakula kinachopendwa kupita vyote ni shelisheli lililopikwa katika tui la nazi pamoja na nyama ya chumvi, majani ya magimbi na manjano, chungu kimoja kikubwa, mpaka tui lote liingie ndani na mafuta yabaki chini. Jirani akikualika kwa chungu hicho, usiseme una kazi.

Lakini twende kwenye jambo lenyewe.

Mwanafunzi hana shida ya kujua afanye nini siku nzima. Saa mbili za asubuhi yumo darasani. Baadaye katika chumba cha maiti, ambamo viungo vya mwili vyatazamwa kimoja kimoja. Baadaye na kikundi chake. Usiku katika maktaba. Amezungukwa na wenzake wenye shida ileile. Sisi tuliolelewa kwa kengele ya seminari twajua jinsi kengele inavyombeba mtu hata asipokuwa na nguvu: inalia, unaamka, inalia, unasoma. Nani apigaye kengele ya yule aliyebaki nyumbani?

Huyo, mara nyingi ni mke, ingawa waume nao wapo, na shida yao ni ileile kwa kuongezwa aibu, alikuwa na kazi yake kwao. Labda alikuwa mwalimu, au mwandishi wa hesabu. Katika Grenada mgeni haruhusiwi kufanya kazi ya mshahara bila kibali cha serikali, na kibali hicho si rahisi, maana serikali yatafuta kwanza kazi za watoto wake. Jambo la haki, lakini halimfariji mtu aliyekaa jikoni. Basi mwanamke aliyezoea kuleta nusu ya fedha za nyumba haleti kitu. Mama yake mzazi yuko mbali, dada zake wako mbali. Mtoto mdogo ana homa, na mume, ambaye asoma sura thelathini juu ya homa, hawezi kuja kwa sababu ana mtihani Jumatatu.

Hapo ndipo nyumba huingia hatarini. Pwani hutembelewa mara kumi ikachokwa. Mume arudi saa nne ya usiku, kichwa kimejaa majina ya Kilatini ya mishipa. Mke amengoja mazungumzo tangu asubuhi, naye hapati ila neno moja: nimechoka. Wote wawili wasema kweli. Mke asema moyoni, mimi nimeacha kila kitu kwa ajili ya kazi yake. Mume asema moyoni, mimi najiua kwa masomo kwa ajili yao. Maneno hayo mawili yakikaa moyoni miezi mitatu bila kutoka kinywani, ndoa inaanza kuoza kama embe lililosahauliwa kabatini. Wapo wanawake ambao kufikia Krismasi ya kwanza hupanda ndege na watoto, wakisema wanakwenda kuwatazama wazee, nao hawarudi.

Je, wanaosalia husalia kwa nini? Twaona ni kwa mambo madogo. Wanafunzi wenye ndoa wamejifunza, kizazi baada ya kizazi, kutega saa fulani isiyoguswa na kitabu: chakula cha jioni, kwa mfano, saa kumi na mbili na nusu, wakati jua la kule limekwisha kuzama, maana huzama karibu saa ileile mwaka mzima. Mume hula na watoto wake, awalaze, ndipo arudi maktabani hata usiku wa manane. Wengine huchagua Dominika: Misa, kisha bahari, na kitabu hakifunguliwi mpaka giza. Alama zao hupungua kidogo, au hazipungui. Lakini mlango wa nyumba hubaki wazi. Nao wake na waume wa wanafunzi wameunda chama chao chenye desturi nzuri: aliyefika zamani humpokea aliyefika leo, humwonyesha fundi wa mitungi ya gesi, daktari wa watoto, na mama auzaye samaki bila kudanganya. Wapeana pia vitu. Kitanda kimoja cha mtoto chaweza kulaza watoto wanane wa nyumba nane, mmoja baada ya mwingine, bila kuvuka bahari tena.

Watoto wenyewe? Hao hukaa upesi kuliko wote. Wavikwa sare, wanafundishwa kusimama mwalimu aingiapo, jambo ambalo wengi hawakuliona kwao. Baada ya miezi sita wanasema Kiingereza cha kisiwa, chenye kuimba, ambacho mama yao hakifuati vizuri. Wamejua embe lipi limeiva kwa kulinusa. Malaria haipo Grenada, na hilo ni neema kubwa ambayo mzazi wa Kongo anaweza kuipima. Lakini mbu wapo, nao huleta dengue, na mwaka 2014 ugonjwa wa chikungunya ulipita kisiwani ukawalaza watu wengi kwa maumivu ya viungo.

Kuhusu mitihani tutasema kwa ufupi, kwa sababu ni jambo la uchungu. Si wote wanaofaulu. Anayeanguka hurudia, akizidi kuanguka, huondolewa, na deni halianguki pamoja naye. Mwanafunzi asiye na mke hufunga sanduku lake usiku na kuondoka. Mwenye nyumba hana budi kueleza: kwa mkewe, kwa wakwe zake, kwa mtoto wa miaka saba aliyewaambia wote shuleni kwamba baba yake ni daktari. Tungependa wale wanaofikiri kuchukua njia hii waseme jambo hilo wazi mezani kabla ya kununua tikiti za ndege, wote wawili, na fedha zikiwa zimehesabiwa.

Tena kuna mambo ambayo hakuna anayeweza kuyahesabu. Mwezi wa Oktoba 1983 wakubwa wa serikali ya mapinduzi waligombana wao kwa wao. Tarehe 19 Waziri Mkuu Maurice Bishop akauawa pamoja na wenzake, na watu wote wakakatazwa kutoka nyumbani. Tarehe 25 majeshi ya Marekani yakashuka kisiwani. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa kuwaokoa wanafunzi wa udaktari, waliokuwa mamia. Kama walikuwa hatarini kweli ama sivyo, watu wangali wabishana, na Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa uliyalaumu majeshi yale. Hata hivyo, wanafunzi walilala chini ya vitanda risasi zikipita, wakachukuliwa kwa ndege. Na mmoja wao, aliposhuka Charleston, alipiga magoti akabusu ardhi mbele ya wapiga picha.

Kisha tufani. Watu wa Grenada walikuwa na msemo kwamba kisiwa chao kiko kusini mno, tufani hukipita. Tarehe 7 Septemba 2004 tufani iitwayo Ivan haikukipita. Watu 39 walikufa, na nyumba tisa katika kila kumi ziliharibika; paa la kanisa kuu la St. George’s liling’olewa, mikungumanga, ambayo huhitaji miaka saba hivi kabla ya kuanza kuzaa, ililala chini vilima vizima. Wanafunzi walipelekwa Marekani kumalizia muhula wao huko. Wenyeji hawakuwa na mahali pa kupelekwa. Hilo laonyesha tofauti kati ya anayeishi kisiwani na anayekaa kisiwani, na mama mmoja mmoja wa Kimarekani aliyemwacha mlangoni jirani yake, yule wa chungu cha shelisheli, amesimama katika nyumba isiyo na paa, hakuweza kuisahau. Tarehe 1 Julai 2024 tufani Beryl ikashukia Carriacou na Petite Martinique, ikaharibu karibu kila nyumba huko. Kwa hiyo kila nyumba ya mwanafunzi huweka mahali pamoja mitungi ya maji, taa, dawa na hati za kusafiria, tangu mwezi wa Juni hata Novemba, na watoto wanajua chumba cha kukimbilia.

Miaka miwili ikiisha, yaani mara tu nyumba imezoea, huja barua ya hospitali: labda Brooklyn, labda New Jersey. Kila kitu huanza upya, safari hii katika baridi. Kitanda cha mtoto hupewa nyumba inayofuata. Mama huenda sokoni mara ya mwisho kununua kungumanga na basibasi za kupeleka kwao, na muuzaji, ambaye siku ya kwanza aligeuza uso, humwongezea kiganja kizima bila malipo na kumwuliza yule mdogo kama huko Amerika atapata tini mbichi. Mtoto humjibu, kwa lafudhi ya kisiwa, kwamba huko wanaziita ndizi.